Vijiwe vya Figo na Nguvu ya Mifupa



Mwezi huu nimeazimia kuandika juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nalilikosea, kisha nikawakosesha na wengine. Nalikuwa nikisema, tena si mara moja wala mbili, katika baraza ya msikiti wetu hapa Vuga baada ya sala ya Alasiri, kwamba mtu aliyepata vijiwe vya figo yampasa ayaache maziwa moja kwa moja. Hoja yangu ilikuwa hii: kijiwe ni chokaa, na maziwa yana chokaa, basi anywaye maziwa anajijengea kijiwe. Maneno haya yaonekana yana akili, na ndiyo maana yalienea upesi. Lakini si kweli, na madhara yake nimeyaona ndani ya nyumba yetu.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alishikwa na maumivu ya ubavu usiku mmoja wa mwaka 2016. Aliyepata kuyaona maumivu hayo hahitaji kuelezwa. Huja kama mawimbi, yakashuka kutoka mgongoni hadi kinenani, na mgonjwa hawezi kulala, wala kukaa, wala kusimama. Kulipopambazuka tulimchukua hospitali, na picha ikaonyesha kijiwe kidogo kimeshuka katika mrija utokao kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Akapewa dawa ya kutuliza maumivu, akaambiwa anywe maji kwa wingi, na siku ya nne kijiwe kikatoka chenyewe na mkojo. Hakikuwa kikubwa kuliko punje ya mchele. Huko hospitali hakuna aliyemkataza maziwa. Nalimkataza mimi.

Nalimwambia, "Dada, tangu leo maziwa usiyaguse."

Akaniuliza, "Hata ya chai, Mwalimu?"

Nikamwambia, "Hata ya chai."

Naye ni mtu wa kutii, hasa akiambiwa na mwalimu, ijapokuwa mwalimu huyo ni mdogo wake aliyepata kumbeba mgongoni. Alikuwa na ng'ombe mmoja zizini. Tangu siku ile maziwa yote akawa anayauza, naye akinywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Maziwa ya mgando, aliyokuwa akiyapenda kuliko nyama, akayaacha. Hata dagaa akawaacha, kwa kuwa nalimwambia kwamba mifupa yao nayo ni chokaa. Mwaka 2019 akapata kijiwe cha pili. Basi nikamwuliza kwa ukali kama ameonja maziwa kwa siri. Akaapa kwamba hakuonja, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikumsadiki.

Masika ya mwaka 2023 aliteleza kwenye njia ya kwenda kisimani. Wanaozijua njia zetu za milimani wajua zilivyo wakati wa mvua: udongo mwekundu kama sabuni, na mteremko usio na pa kushika. Hakuanguka kwa kishindo. Alikuwa na ndoo iliyojaa nusu tu, akatanguliza mkono kujizuia, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Daktari aliyemtazama aliuliza maswali ambayo sikuyatazamia. Hakuanza na mkono. Aliuliza, "Mama, umewahi kupata vijiwe vya figo?" Kisha akauliza anakula nini na anakunywa nini. Dada akamjibu bila ya kinyongo, "Maziwa sinywi, Mwalimu alinikataza," akanielekezea kidole, nami nimeketi pale kwenye benchi.

Yule daktari hakunigombeza. Alinieleza kwa upole, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, mpaka nikaona kwamba haifai kuyanyamazia. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyafahamu.

Katika mwili wa mwanadamu mna madini yaitwayo kalisiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa. Katika kila sehemu 100 za madini hayo, 99 zimo katika mifupa na meno. Iliyobaki imo katika damu na nyama. Lakini hicho kidogo kilichobaki ndicho kinachouwezesha moyo kupiga na misuli kukaza, kwa hiyo mwili haukubali hata kidogo kipungue katika damu. Mfupa basi si nguzo tu ya kuuegemeza mwili, ni ghala. Chakula kikileta kalisiamu ya kutosha, ghala hujazwa. Kisipoleta, mwili hufungua ghala na kuchota, siku baada ya siku, na mwenye ghala hana habari. Hahisi maumivu, haoni dalili, mpaka siku atakapoanguka kidogo akavunjika sana.

Walinzi wa ghala hilo ni tezi nne ndogo, kila moja kiasi cha punje ya mchele, zilizokaa shingoni nyuma ya ile tezi kubwa tuijuayo. Zilichelewa mno kujulikana. Mwingereza Richard Owen aliiona moja katika mwili wa kifaru aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London, katikati ya karne ya 19. Na katika mwili wa mwanadamu zilielezwa na mwanafunzi wa utabibu wa Sweden, Ivar Sandström, mwaka 1880. Kazi yake ni kupima kalisiamu ya damu: ikipungua, huiamuru mifupa itoe. Mara nyingine tezi moja huharibika, ikaamuru bila ya kipimo. Hapo mfupa hubomolewa mchana na usiku, damu ikajaa kalisiamu, figo zikashindwa kuizuia, na vijiwe vikaota. Alikuwako nahodha mmoja wa Marekani, jina lake Charles Martell, mtu mrefu na mwenye nguvu, ambaye mifupa yake ilivunjika mara kadha wa kadha, na kimo chake kikapungua karibu inchi 7, huku figo zake zikijaa vijiwe. Alipasuliwa mara baada ya mara kuanzia mwaka 1926, madaktari wakiitafuta ile tezi mbovu shingoni wasiione. Mwaka 1932 huko Boston waliipata kifuani, mahali isipotazamiwa. Akafa wiki chache baadaye kwa sababu ya kijiwe kilichoziba njia ya mkojo. Maradhi ya namna hii si ya kila mtu. Lakini mtu yule mmoja aliwafundisha matabibu kwamba figo na mfupa ni majirani wa ukuta mmoja, na kwamba yafaa mwenye vijiwe vinavyorudi mara kwa mara apimwe kalisiamu ya damu.

Walio wengi hawana tezi mbovu. Wana figo zinazovuja. Kila siku hupoteza katika mkojo kalisiamu nyingi kuliko wenzao, na mara nyingi jambo hili hurithiwa katika ukoo. Kalisiamu hiyo ikikutana katika mkojo na kitu kiitwacho oksaleti, vikagandamana, hapo ndipo kijiwe kinapozaliwa. Na vijiwe vya namna hii ndivyo vilivyo vingi kuliko vyote. Sasa tazama, ewe msomaji, mtu huyu akiyaacha maziwa. Figo zake hazitaacha kuvuja. Kile kinachovuja kitatoka wapi, ikiwa chakula hakikuleta? Kitatoka ghalani. Nalidhani nakifisha kijiwe cha dada yangu kwa njaa, kumbe nakilisha mfupa wake.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Oksaleti imo katika vyakula tulavyo kila siku: mchicha, spinachi, matembele, karanga, na majani ya chai. Mtu akila mchicha pamoja na kitu chenye kalisiamu, hivyo viwili hushikana tumboni, na sehemu kubwa ya oksaleti hutoka na choo bila ya kufika kwenye figo. Akila mchicha mtupu, na juu yake akanywa chai kali ya rangi, oksaleti haina wa kuishika. Huingia katika damu, na njia yake ya kutokea ni figo. Basi ile chai ya maziwa niliyomharimishia dada ilikuwa kinga yake, na ile ya rangi niliyomhalalishia ndiyo iliyomzidishia. Sisi tuishio katika milima ya Usambara, ambako chai huoteshwa mpaka karibu na milango yetu, twainywa kama maji.

Haya si maneno ya daktari mmoja. Mwaka 1993 wanachuoni wa Marekani walitoa habari za wanaume 45,619 waliofuatwa kwa miaka 4. Wao pia walitazamia kwamba mwenye kula kalisiamu nyingi atapata vijiwe vingi. Ikawa kinyume: waliokula nyingi zaidi katika chakula walipungukiwa na hatari ya vijiwe kwa theluthi moja au zaidi, wakilinganishwa na waliokula kidogo. Mwaka 2002 Waitaliani wa Parma wakatoa habari za wanaume 120 waliokuwa na figo zinazovuja na vijiwe vinavyorudi. Waliwagawa nusu kwa nusu. Kundi moja walipunguziwa maziwa na jibini. Kundi la pili waliachiwa kalisiamu ya kawaida, lakini wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, katika wale 60 wa kwanza, 23 walikuwa wamepata vijiwe tena. Katika wale 60 wa pili, 12 tu.

Na juu ya mifupa, katika miaka ya karibuni yalitazamwa madaftari ya matibabu ya askari wastaafu wa Marekani waliopata vijiwe, nao walikuwa zaidi ya laki 5. Karibu robo yao walikuwa ama wamepata kuvunjika mfupa ama wamekwisha kuambiwa mifupa yao imekuwa tete, katika muda ulio karibu na ule wa kujulikana kwa vijiwe vyao. Wengi wao ni wanaume. Nayataja haya kwa kuwa sisi hudhani kwamba udhaifu wa mifupa ni jambo la bibi vikongwe peke yao. Nabii Zakaria (amani iwe juu yake), katika dua yake iliyomo mwanzoni mwa Sura Maryam, aliushitakia mfupa wake kwanza kabla ya kuzitaja mvi zake. Naye alikuwa mwanamume.

Wala wasidhani vijana kwamba elimu ya vijiwe ni ya jana. Abu Bakr al-Razi, tabibu Mwislamu aliyefariki yapata mwaka 925 wa Miladia, aliandika risala nzima juu ya vijiwe vya figo na vya kibofu. Watangulizi wetu waliyachungua maradhi kwa kuuliza na kutazama. Mimi sikuuliza.

Sasa nirudi jikoni, maana huko ndiko dawa iliko. La kwanza ni chumvi, na hapa kina mama watanivumilia. Figo zikiitoa chumvi huitoa pamoja na kalisiamu. Kila chumvi inavyozidi, uvujaji nao unazidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, nazo ni kijiko kimoja cha chai, cha chakula chote cha kutwa, si cha chungu kimoja. Nalijaribu kupima ile itiwayo katika maharage ya nyumbani kwetu, kisha ile inyunyizwayo mezani, kisha ile ya viazi vya kukaanga wanunuavyo watoto njiani Soni, nikaacha kupima. Mke wangu alisema kwamba maharage yasiyo na chumvi ni adhabu. Tumeipunguza kidogo kidogo, na kwa sasa kulalamika kumepungua vilevile.

Magadi tutiayo katika maharage ili yaive upesi yana neno jingine. Magadi mengi ya sokoni yana floridi. Madini hayo yakizidi hukaa katika meno na mifupa, kama yajulikanavyo pande za Meru, Arusha, ambako maji ya baadhi ya chemchemi yameyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wengine wakapinda miguu. Na ajabu ya Mola ni kwamba katika kituo cha Ngurdoto, huko huko Meru, maji hayo husafishwa kwa kupitishwa katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mfupa uliokwisha kufa na kuchomwa bado wayashika madini. Loweka maharage usiku kucha, na magadi hutayahitaji.

La pili ni maji. Huku kwetu baridi hutudanganya. Mtu aliyeko Mombo, chini ya mlima, jua humkumbusha kunywa. Sisi tulio katika ukungu hukaa kutwa kwa vikombe viwili vya chai, tukaona inatosha. Na ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi Oman na nchi za Ghuba hupatwa na balaa la upande wa pili: jasho huwamaliza maji, na vijiwe huko ni maradhi mashuhuri. Wale wale madaktari wa Parma walikwisha kuonyesha, mwaka 1996, kwamba katika watu waliopata kijiwe kwa mara ya kwanza, wasiohimizwa maji walirudiwa 27 katika 100 kwa muda wa miaka 5, na waliohimizwa walirudiwa 12 katika 99. Kipimo chao ni kwamba mkojo wa kutwa usipungue lita 2. Nyumbani tumeweka desturi hii: pa kutawadhia pana kikombe kikubwa cha nusu lita, na kila achukuaye udhu hunywa kimoja. Sala tano ni lita 2 na nusu, wala huhitaji kuhesabu. Katika Ramadhani vikombe hivyo huwekwa baina ya futari na daku, si vyote kwa pamoja wakati wa daku. Na mwenye vijiwe amwulize daktari kabla mwezi haujaandama. Ukikamulia ndimu au chungwa katika maji ni bora, kwa kuwa asidi yake huzuia kugandamana. Nasi tulio mkoa wa machungwa ya Muheza hatuna udhuru.

Maziwa basi, kikombe kimoja au viwili kwa siku, pamoja na chakula. Mgando ni sawa. Dagaa ni sawa, lakini wa chumvi waroweke kwanza ubadilishe maji. Mchicha sikuukataza, nisije nikafanya kosa la pili. Uchemshwe, maji yake yamwagwe, uliwe pamoja na mgando. Nyama isiwe ya kila siku, na walio wengi miongoni mwetu mfuko umekwisha kuwasaidia katika hilo.

Vidonge vya kalisiamu ni habari nyingine. Huko Marekani wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi waligawiwa makundi mawili, na habari zao zilitolewa mwaka 2006: waliopewa vidonge vya kalisiamu na vitamini D walipata vijiwe zaidi kwa 17 katika kila 100 kuliko wasiopewa. Nao walikuwa wakila chakula chenye kalisiamu tayari. Asiyeandikiwa na daktari asivinunue dukani kwa kusikia tu. Na aliyeandikiwa asiviache kwa kusoma maneno yangu, ila amweleze daktari kwamba amepata vijiwe, na amwulize kama avimeze pamoja na chakula.

Na jua lisisahauliwe, kwa kuwa bila ya jua la ngozini kalisiamu haipokelewi vizuri tumboni. Wamasai na Wahadzabe wa nchi yetu hii walipopimwa walionekana na vitamini D tele, kwa maisha yao ya juani. Mama zetu wa shambani hawana shida. Shida ni ya bibi aliyekaa ndani miezi ya Juni na Julai kwa baridi, na binti anayetoka amejistiri na kurudi amejistiri. Sitiri haiachwi, lakini ua wa nyuma upo, na ukuta wake upo, na hapo binti aweza kuanika mikono na miguu huku akichambua maharage.

Yule aliye na maumivu ya ubavu pamoja na homa, au aliyefungwa mkojo, asisome gazeti. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na si vijiwe vyote ni vya kalisiamu. Viko vya asidi ya yuriki na vitokanavyo na wadudu wa mkojo, na tiba zao ni mbali. Kwa hiyo kijiwe kikitoka kisitupwe, kifungwe katika karatasi kipelekwe kwa daktari.

Mkono wa dada umeunga, ila hauwezi tena kukama. Ng'ombe hukamwa na mjukuu, na kikombe cha kwanza ni chake dada. Baada ya kumwomba radhi, naliandika majina ya watu niliowakataza maziwa pale barazani, kadiri nilivyowakumbuka. Walikuwa kumi na mmoja. Wanane nimewafikia majumbani mwao, wawili wamekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mmoja alihamia kwa mwanawe pande za Bumbuli, ni mama wa makamo, na nyumba yake sikuijua. Ikiwa gazeti hili litafika huko, na akasomewa, basi ajue kwamba Mwalimu wa Vuga amwambia anywe maziwa yake.